Kila Mtu Hapa ni O Hasi

Kufuli lililia nyuma yake, kisha sauti ya mwanamume ikasema, "Nyawira, usipige nduru. Nataka damu yako."

Hapo ndipo gazeti lilipokatia juma lililopita, na najua kuna mliolala vibaya. Nyawira naye hakuwa na pa kukimbilia. Alikuwa ameegemea ukuta katika chumba cha nyuma cha duka la simu la Fuad, mjini Nyeri, na mbele yake pazia la mlangoni lilikuwa likitikisika.

Pazia likafunguka. Akatoka mzee mwenye koti jeupe refu na kofia mkononi.

Nyawira alimjua. Ni nani asiyemjua? Alikuwa Mzee Moffat wa Kanisa la Hema Jeupe, yule aliyesimama sokoni akamwagia mafuta ya taa nakala za *Mji Bila Asubuhi*, akawasha kiberiti, akaimba hadi zikawa majivu.

Kama umeingia leo, shika haya. *Mji Bila Asubuhi* ni manga, hadithi ya picha kutoka Japani, na inahusu wanyonya damu. Damu ni nyingi ndani yake kuliko maneno. Nyawira hufuma sweta za shule kwa mashine pale Gatitu. Shule aliiacha darasa la sita, na hadithi hiyo ndiyo kitabu cha kwanza alichowahi kukisubiri kwa hamu. Yeye na wenzake wana kikundi chao kwenye simu, na Jumamosi hukutana kwa Fuad kubishana.

Ndani ya kikundi hicho kuna mtu anayejiita Asiyelala. Hakuna anayejua sura yake. Amekuwa akiwaandikia watu kwa siri, mmoja mmoja: *Damu yako ya kweli ni kundi gani?* Kagure alimjibu, akaenda kuonana naye. Alirudi na plasta kidoleni, akajitoa kwenye kikundi, na hadi leo ukimuuliza anaangalia chini.

Sasa turudi chumbani.

"Mzee," Nyawira alisema kwa sauti yake ndogo, "wewe ndiye Asiyelala?"

Mzee Moffat alisita kidogo. "Ndiyo. Ni mimi."

Nyawira hakupenda kule kusita.

"Basi niambie. Sura ya tisini, Hisano anamfungulia Tokuzo mlango. Kwa nini?"

Swali hilo lilikuwa limegawanya kikundi katikati. Tokuzo ni mfalme wa wanyonya damu, aliyeua arusi nzima katika sura moja, hata mpiga ngoma hakubaki. Hisano ni msichana mwenye ndugu mgonjwa. Alimfungulia Tokuzo mlango usiku. Asubuhi ndugu alikutwa mzima, ukuta umejaa damu, na Hisano hayupo. Mutahi na wafuasi wake walisema msichana huyo ni msaliti, aliuza majirani. Aliyeongoza waliomtetea alikuwa Asiyelala, kila mara kwa maneno yale yale: *Kabla hujamwita msaliti, uliza ndani ya nyumba kuna mgonjwa gani.*

Mzee Moffat alikuna kidevu.

"Huyo msichana? Si ni msaliti tu. Alimfungulia shetani mlango."

"Wewe si Asiyelala."

Kabla mzee hajajibu, mlango ulipigwa teke kutoka nje.

"Nani amefunga huko? Nyawira! Fungueni au nivunje. Mlango wenyewe ni wa Fuad, atalipa yeye!"

Alikuwa Raudha, dada yake Fuad, aliyeachiwa duka kaka yake alipoenda kuswali alasiri. Mzee Moffat alifungua mwenyewe. Raudha aliingia na chuma cha kulehemu, ncha yake bado inatoa moshi, akakielekeza kwenye ndevu za mzee.

"Mzee Moffat! Vitabu vimeisha, sasa umekuja kuchoma watu?"

"Raudha, mwanangu, weka hiyo kitu chini."

"Hii? Hii iko moto. Ongea kwanza."

Mzee alikalia boksi la chaja, likabonyea. Kutoka mfuko wa koti akatoa simu yenye kifuniko cha rangi ya waridi, na juu ya kifuniko mtu alikuwa amechora meno mawili marefu kwa kalamu.

"Hii ni ya Shiku, binti yangu. Kwa kikundi chenu anaitwa Panya wa Mnara."

Wasichana wakatazamana. Panya wa Mnara walimjua. Ni yule aliyekuwa akituma vijiuso vya kulia kila mhusika alipokufa, hata wabaya. Siku hizi alikuwa kimya, anasoma tu.

"Mlidhani ni yeye anawasoma," mzee akasema. "Ni mimi. Shiku ako hospitali. Ako na uvimbe kwa tumbo. Daktari anataka kumpasua kesho asubuhi, lakini hawezi bila damu ya kuweka kando. Na damu yake ni hiyo ya shida, O hasi. Hawana. Wameniambia nitafute mtu."

"Si ungeuliza kanisani?" Raudha hakushusha chuma.

"Kanisani! Sisi hata mutura hatuonji, kwa vile matumbo hayo hujazwa damu. Damu ya mtu mwingine ikiingia ndani yako, umetoka kwa Hema. Mzee Ngatia akisikia nimetafuta damu, atakuja na watu wamtoe mtoto kitandani wampeleke kwa maombi. Na mke wangu Wakonyo ndiye atashika miguu. Huyo ananishinda kwa imani."

"Ukaona uje kwa wanyonya damu."

"Sasa ningeulizia damu wapi, na mtu asishtuke?" Mzee alipangusa uso kwa kofia. "Nilifungua hii simu nitafute rafiki yake. Nikakuta watu wamejitaja. Huyu O hasi. Yule O hasi. Karibu kikundi mzima! Nililia. Nikasema, kumbe Mungu ameficha damu ya binti yangu kwa hawa watoto nimewachomea vitabu."

Raudha alimtazama Nyawira, na polepole chuma kikashuka.

"Mzee," akasema, na sasa hakukuwa na dhihaka, "huo ni mchezo. Hisano ndiye O hasi, imeandikwa nyuma ya kitabu chini ya picha yake. Sasa kila anayempenda anajiita hivyo. Hata mimi niliandika, na sijawahi kupimwa hata malaria."

"Wote?"

"Wote."

"Na Kagure?" Nyawira aliuliza ghafla. "Ni wewe ulimpeleka Kagure?"

"Kagure gani? Mimi simjui. Na huyo Asiyelala wenu ameniandikia hata mimi, ati damu yangu ni kundi gani. Nilimuogopa, nikazima simu. Leo nimejiita yeye ili tu usikimbie."

Basi Asiyelala alikuwa bado huko nje, na alikuwa akitafuta damu ile ile.

Mzee Moffat alikuwa akitazama sakafu kama mtu aliyefika dukani akakuta pamefungwa.

"Mimi sikuandika mchezo," Nyawira akasema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Nilipasuliwa nikiwa darasa la sita. Damu ilinitoka nyingi. Daktari alimwambia mama mimi ni O hasi, na mtu fulani alikuwa ametoa yake wakaniwekea. Nani, hatukuambiwa. Niliandika hivyo kwa kikundi. Mutahi akanijibu, 'Kila mtu hapa ni O hasi, siste. Panga foleni.'"

"Niliona," mzee akasema. "Ndiyo nikakufuata. Wengine wote wako na majina ya mizimu. Ni wewe tu uliandika jina lako."

Raudha alimvuta Nyawira kando, akanong'ona kwa sauti ambayo hata duka jirani lingesikia.

"Usimwamini. Ameshadanganya mara moja. Utajuaje huyo mtoto yuko hospitali? Watu wanauza damu siku hizi."

"Twende tukamwone."

"Twende. Na hii naenda nayo."

"Si itakuwa imepoa?"

"Yeye hajui." Raudha alimnyang'anya mzee ile simu ya waridi, akaitia kwenye mkoba wake. "Na hii inakaa na mimi, Mzee. Usije ukamwandikia mtu njiani."

Walipotoka dukani, kamera ya simu ililia. Mutahi alikuwa ng'ambo ya barabara na kikombe cha chai, mdomo wazi.

"Manze! Mzee Mchoma Vitabu kwa Fuad! Na ametoka na madem wawili!"

"Mutahi, ukituma hiyo picha nitakung'oa hayo meno uwe Tokuzo kibogoyo!" Raudha akamwambia.

Lakini kidole cha Mutahi ni chepesi kuliko akili yake. Hawajafika hata kwenye kona, simu ya Nyawira ilikuwa ikinguruma.

*Asiyelala amepatikana! Ni yule mzee wa moto!*

*Nilisema! Wanaochoma vitabu ndio wanaovisoma.*

*Nyawira ameenda naye kwa hiari. Ni Hisano kabisa. Msaliti.*

*Wewe nyamaza, Hisano si msaliti.*

*Basi ndugu yake alipona na nini, maji ya chai?*

Asiyelala, ambaye hajawahi kukosa mjadala wa Hisano, hakuandika kitu.

Hospitalini mtoto alikuwepo.

Shiku alikuwa na miaka kumi na minne, na shuka lilimfunika kama halina mtu ndani. Midomo yake ilikuwa nyeupe. Raudha alimtazama, akasukuma chuma ndani kabisa ya mkoba, asikitoe tena. Mzee Moffat akaenda kumtafuta nesi.

"Wewe ni Nyawira wa kweli?" Shiku akauliza. "Yule wa 'samahani, mimi naona tofauti kidogo'?"

Nyawira akacheka bila kutaka. Kweli, ndivyo alivyoanza kila ujumbe wake.

"Hisano alifanya nini?" akamuuliza. "Wewe unaonaje?"

"Alimwambia Tokuzo, 'Ninywe mimi, mwache ndugu yangu.' Ile damu ya ukutani ni yake. Mutahi hajui kuangalia picha. Angalia mkono wa Hisano akiondoka, ukurasa wa mwisho, umefungwa kitambaa." Shiku alipumua kwanza. "Lakini usiniambie ya mbele! Tunaenda polepole. Anayenisomea anasema ni kitabu ya shetani, lakini nikisinzia anaendelea peke yake. Namuona."

Nyawira alimfikiria Mzee Moffat amejikunja kitini na simu ya waridi, akatabasamu.

Nesi akaita jina lake.

Alipimwa uzito, akaulizwa maswali, kidole kikachomwa. Nesi alimbandika plasta. Nyawira aliitazama plasta ile. Alikuwa ameiona mahali. Kidole kile kile. Kagure.

"Kuna msichana mwingine alikuja hapa? Kwa ajili ya Shiku?"

"Mmoja?" Nesi alicheka kwa uchovu. "Mnakuja, mnaapa nyinyi ni O hasi, napima, nyinyi si O hasi. Mwingine alilia akasema alitaka tu kufanana na mtu wa katuni. Mtanimalizia plasta."

"Nani huwa anawaleta?"

"Mimi sitaji watu, dada. Kaa hapo." Alitazama kipimo, akakitazama tena. Uso wake ukabadilika. "Ala. Wewe ni kweli."

Akatoka mbio kumpigia daktari simu.

Nyawira alikalia kiti cha kutolea damu, mkono wa sweta umekunjwa, na ndipo akili ikamrudia. Mzee Moffat hakujua kwa nini Hisano alifungua mlango. Alimwita msaliti tu, kama mtu aliyesoma maneno ya Mutahi na hajawahi kugusa kitabu chenyewe.

Basi ni nani anayemsomea Shiku?

Simu ikanguruma pajani mwake. Ujumbe wa siri. Asiyelala.

*Nimesikia umeondoka na mtu. Usimpe mwingine hiyo damu. Ni yangu.*

Nyawira aliinua macho haraka. Mzee Moffat alikuwa mlangoni, mikono yote miwili imeshika kofia. Simu ya waridi ilikuwa kwenye mkoba wa Raudha. Hakuwa yeye. Kuna mtu alijua Nyawira ametoka, alijua hakutoka peke yake, na alikuwa akiidai damu yake kama mali.

Raudha alisoma juu ya bega lake.

"Toka kwa hicho kiti."

"Raudha..."

"Toka! Umesikia nesi, kuna mtu analeta wasichana hapa. Kama ni wa kuuza? Kama huyu mzee ni wa kutumwa tu, na hiyo damu haifiki kwa Shiku?"

Mzee Moffat alisikia. Hakujitetea. Alisema tu, "Mwanangu, ukitaka kwenda, nenda. Nitakusindikiza mpaka stendi ya Gatitu, usitembee na hofu."

Nyawira aliutazama mkono wake. Ndani yake kulikuwa na damu ya mtu asiyemjua, ambaye hakuuliza kama msichana wa darasa la sita alikuwepo kweli au hakuwepo.

"Nesi akirudi," alisema taratibu, "nitamwomba aandike jina la Shiku kwa mfuko mbele yangu. Na wewe, Raudha, ufuate huo mfuko mpaka maabara."

"Nitaufuata mpaka nchi ya Tokuzo."

Akaigeuza simu kifudifudi, akanyoosha mkono.

Sindano iliingia. Mrija ukawa mwekundu. Nyawira, ambaye alikuwa amesoma kurasa za vichwa kukatwa huku akila mahindi, alifumba macho.

Alipofumbua, pamba ilikuwa mkononi na mfuko ulikuwa umejaa. Jina la Shiku liliandikwa juu yake, Raudha akaufuata hadi maabara kama alivyoapa. Nesi alisema utapimwa usiku huo, na ukipita, Shiku ataingia chumba cha upasuaji asubuhi. Mzee Moffat alitaka kumpa mkono wa asante, akashindwa, akageukia dirisha.

Furaha yao haikufika mwisho wa ujia.

Walipoingia wodini, kitanda cha Shiku kilikuwa kimezungukwa na makoti meupe. Picha ya Mutahi ilikuwa imetoka kwenye kikundi, ikapita kwa shangazi wa mtu, ikafika kwa Mzee Ngatia, kiongozi wa Hema Jeupe, kabla chai ya Mutahi haijapoa. Na Ngatia hakuwa mjinga. Alijua Moffat angeonekana na vijana wale kwa sababu moja tu: damu ya mtoto.

"Ndugu Moffat," Mzee Ngatia alisema bila kupaza sauti, "umemfungulia damu mlango."

"Nimekubali mtoto apasuliwe. Ndiyo."

"Basi wewe umeshatoka. Hatuna neno na wewe." Akageuka. "Dada Wakonyo, njoo mbele."

Mwanamke mwembamba akatoka katikati ya makoti. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyejua tena kitanda kikoje. Huyo ndiye Mama Shiku, aliyesemwa angeshika miguu. Alimpita mume wake bila kumwangalia, akaenda moja kwa moja hadi kwa Nyawira, wodi nzima ikingoja kofi.

Akaushika mkono wa Nyawira. Akaiona pamba.

"Wewe ndiye Nyawira," akasema kwa ukali, wote wasikie. "Ni wewe umetoa?"

"Ni mimi, Mama."

"Yote?"

"Nesi amechukua mfuko mzima."

Vidole vya Wakonyo vikamkaza. Akainama karibu, kama anayekaripia, na midomo yake ikagusa sikio la Nyawira.

"Kabla hujaniita msaliti," akanong'ona, "uliza ndani ya nyumba kuna mgonjwa gani."

Mbele yake alisimama Asiyelala. Ndiye aliyemleta Kagure, akawaleta wengine, wote bila damu iliyotakiwa. Aliyesoma kitabu cha shetani kitandani kwa mtoto hadi kurasa za mbele. *Ni yangu*, alikuwa ameandika, na hakuwa ameidai kwa ajili yake. Mume alitafuta kwa siri akimwogopa mke, mke akatafuta kwa siri akimwogopa mume, na ndani ya kikundi kimoja mke alimuuliza mume damu bila kumjua, naye akazima simu.

Wakonyo alinyooka. Uso wake ukawa tena wa Hema Jeupe.

Nesi aliingia na faili kifuani. "Mimi nawasikiliza wazazi tu," akasema. "Baba amekubali. Mama akikataa, itabidi tusimame, na mfuko uende kwa mgonjwa mwingine."

"Mama hawezi kukubali," Mzee Ngatia akasema. "Sema neno moja, Dada Wakonyo, tumbebe mtoto. Ukikaa kimya pia tutaelewa umechagua damu, lakini nyumbani kwako hakuna mtu wa Hema atakayekanyaga tena, hata kukuzika."

Mzee Moffat alifumba macho. Alikuwa ameishi na mwanamke huyu miaka yote hiyo, na alijua, au alidhani anajua, atasema nini.

Kitandani, Shiku aliinua kichwa kidogo kutoka kwenye mto.

"Mama," akasema kwa sauti nyembamba, "tulikuwa tumefika wapi?"

Makoti meupe yote yakamgeukia Wakonyo. Naye, akiwa bado ameushika mkono wa Nyawira wenye pamba, akafungua mdomo.